Kipimo cha Umaskini na Haki ya Mtoto

Mfanyakazi ana hati ya mshahara. Mkulima wa korosho wa Nanganga hana. Ndiyo maana Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa chini ya TASAF mwaka 2012, haukutegemea mshahara. Mkutano wa kijiji ulitaja kaya maskini, kisha dodoso likapima makazi, mali na wategemezi. Kaya iliyokuwa chini ya mstari ilipata ruzuku, pamoja na nyongeza ya watoto.

Hapa pana ukinzani. Msimu mmoja mzuri huleta mabati. Kipimo kikirudiwa, kaya huonekana imevuka mstari. Lakini bati haliliwi. Bei ikianguka, mtoto huumia kwanza. Na mstari wenyewe ukishushwa, kaya hutolewa ingawa hali yake haikubadilika.

Sisi makada tudai kaya ipimwe kwa misimu kadhaa, hadharani, mbele ya wanakijiji.