Sungura aliyesahaulika bandani

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya mbolea. Mbolea itasubiri. Leo nataka kuwaeleza habari za sungura mmoja mzee, ambaye nilipomkuta hata jina hakuwa nalo.

Sungura huyu alikuwa mabaki ya mradi. Shule moja ya jirani, ambayo sitaitaja, ilianzisha ufugaji wa sungura kwa hotuba na vifijo. Mwalimu aliyeusimamia alipohamishwa, mradi nao ukahama. Sungura wengine waliuzwa, wengine waliliwa, wengine walikufa. Akabaki dume mmoja wa kijivu katika banda la waya nyuma ya jiko, akitupiwa pumba na ukoko wa ugali siku mpishi anapokumbuka. Mimi nilimkuta mwezi Machi mwaka 2024, nilipokwenda kulipa mchango wa mjukuu wangu. Mpishi alinihakikishia kwamba sungura yule yupo pale tangu mwaka 2017. Sasa, sungura wa kufugwa akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Kwa hiyo nilikuwa nimekutana na mzee mwenzangu.

"Mchukue tu, mzee," mkuu wa shule aliniambia. "Lakini huyo hata mchuzi hatoi."

Nilimbeba ndani ya kikapu. Na hapa niseme neno kuhusu kubeba sungura, maana wengi tunakosea. Sungura habebwi kwa masikio. Miguu yake ya nyuma ina nguvu sana, na uti wa mgongo wake ni mwepesi. Akirusha teke huku ananing'inia anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Unamshika kifuani kwa mkono mmoja, wa pili unazuia makalio, unamkumbatia.

Nyumbani tulimpima kwa mizani ya duka. Alikuwa na kilo 1 na nusu, wakati dume wa umbo lile alistahili kukaribia kilo 3. Kucha zilikuwa zimejikunja kama ndoana. Masikio yamejaa magamba ya rangi ya kahawia, yamerundikana mithili ya ngozi ya mkate uliokauka. Kidevu kilikuwa kimelowa mate. Nyayo za nyuma hazikuwa na manyoya kabisa, zilikuwa vidonda vitupu. Mke wangu alitazama, akashika kiuno, akaniuliza, "Baba nanihii, huyu umemleta aje kufia hapa?" Sikuwa na jibu.

Mtaalamu wa mifugo alipofika alinieleza mambo ambayo sikuyajua, ingawa utotoni nilifuga sungura. Tuanze na meno. Meno ya sungura hayaachi kuota mpaka anakufa, ya mbele na ya magego vilevile. Mungu amempa nyasi ziwe tupa yake: nyasi ni ngumu, na ili azisage lazima ataftune upande kwa upande kwa muda mrefu, ndipo meno yanapolika sawasawa. Pumba na ukoko havina kazi hiyo. Vinamezwa upesi, meno yanabaki yanarefuka, na magego yanatoa ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu. Ndiyo sababu ya mate yale. Mnyama alikuwa na njaa, na kila alipotafuna alijikata. Daktari alimpa dawa ya usingizi kidogo, akayapunguza kwa kifaa chake. Alinionya nisije nikathubutu kuyakata kwa koleo, kwani jino hupasuka hadi kwenye mzizi, na jipu la taya kwa sungura ni kazi kubwa kulitibu.

Masikio yalikuwa na ukurutu unaoletwa na wadudu wadogo mno. Nilikwisha andaa pamba na maji ya chumvi nibandue yale magamba. Akanizuia. Chini ya magamba kuna nyama mbichi, ukibandua unamtesa bure. Alimdunga sindano ya ivermektini chini ya ngozi, akairudia baada ya wiki mbili, na magamba yakaanguka yenyewe kama maganda ya kitunguu. Vidonda vya nyayo vilitokana na waya. Mbwa na paka wana vifuko vigumu chini ya nyayo. Sungura hana, ana manyoya tu. Ukimweka miaka 7 juu ya waya, manyoya yanaisha, ngozi inaisha, unabaki mfupa. Tangu siku ile analala juu ya mkeka wa zamani na nyasi kavu, zinabadilishwa kila siku, maana mkojo ukigandia makalio nzi hutaga mayai pale, na funza wakiingia mwilini anaweza kufa kwa siku moja au mbili.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo nusura nilifanye. Kabla daktari hajafika, nilikuwa na vidonge vya amoksilini kabatini, vilivyobaki mjukuu alipougua kifua. Nikasema moyoni, dawa ni dawa, nimkorogee robo. Nilimtajia daktari, naye akaweka mkoba chini. "Mzee wangu, ungemzika kesho kutwa." Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vyema vinavyochachusha nyasi katika utumbo mpana. Dawa za jamii ya penisilini zikipita kinywani huwaua hao, wabaya wakashika nafasi, wakatoa sumu. Mtu anaona ametibu, kumbe ameua. Hali kadhalika ile dawa ya kupuliza viroboto vya mbwa yenye fiproni, sungura hapakwi.

Tumbo hilo ndilo lililotukesha. Siku ya nne hakula. Kwa ng'ombe au mbwa ungesema tungoje asubuhi. Kwa sungura, saa 12 bila kula na bila kutoa choo ni hatari, kwa sababu utumbo wake ukisimama gesi hujaa, na kutapika hawezi kabisa. Alijikunyata pembeni akisaga meno kwa sauti. Hapo tena nikajifunza: akisaga polepole unapompapasa paji la uso, anafurahi, akisaga kwa nguvu huku macho amefumba nusu, anaumwa. Sungura halii ovyo. Yeye ni mawindo, na mawindo yanayoonyesha udhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo mpaka wewe uone kwamba anaumwa, ameumwa muda mrefu.

Daktari alimpa sindano ya kutuliza maumivu na maji chini ya ngozi. Mimi nikapewa bomba la sindano lisilo na sindano na uji wa majani yaliyosagwa. Unampitishia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, unasubiri ameze, kwa maana ukisukuma mbele kwa haraka uji unaingia mapafuni. Tulipeana zamu, mimi na mke wangu, yule yule aliyeshika kiuno. Saa 10 alfajiri aliniamsha kwa kunitikisa bega. "Amekunya," aliniambia. Vilikuwa vipunje sita, vidogo kama pilipili manga. Sijawahi kufurahia kinyesi namna ile.

Tangu hapo chakula chake ni nyasi kwanza, mbichi na kavu, wakati wote zisikosekane. Ukoka, mchunga, mashona nguo na matembele anapata kiasi. Karoti ni kionjo tu. Majani ya mparachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo ni sumu kwake. Maji safi hayakosekani, katika bakuli zito asilipindue. Mkojo wake ukiwa mweupe kidogo au mwekundu kama kutu, usishtuke mara moja. Mwili wa sungura hutoa chokaa ya ziada kwa njia ya mkojo, na baadhi ya majani huutia rangi. Ukiwa mzito kama uji, hapo mwite daktari. Siku za joto kali namwekea chupa ya maji ya barafu niliyoifunga kitambaa, na kumlowesha masikio, maana hatoi jasho. Anapunguza joto kwa masikio yale marefu. Joto likipita nyuzi 30 anaweza kuzirai.

Majirani wamenicheka. Mmoja aliniambia fedha za sindano zingenunua kuku wawili. Ni kweli, zingenunua, nilipiga hesabu mwenyewe. Lakini huyu si sungura wa porini, yule mjanja wa hadithi za bibi zetu, anayejitafutia. Yule wa porini ni mnyama mwingine kabisa, watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Wa bandani asili yake ni Hispania na kusini mwa Ufaransa, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Ukimfungia hana pa kwenda, anakula unachompa wewe au hali kabisa. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Shuleni pale sheria hiyo haijafika nyuma ya jiko.

Sikuficha kwamba uzee hautibiki. Magoti yake yamekakamaa, harukii tena kizingiti, nimemtengenezea kibao cha kupandia. Jicho la kushoto limeanza ukungu. Meno sasa yanapunguzwa kila baada ya wiki sita, na daktari ameniambia wazi kwamba itafika siku magego yatamshinda, nasi tutaamua asiteseke. Mke wangu hataki kuyasikia mazungumzo hayo.

Jina sasa analo. Mjukuu alimwita Mstaafu. Jana tulimpima tena kwa mizani ile ile ya duka: kilo 2 na robo.