Nimesamehe, Lakini Nani Ameona?

Nikuulize: mara ya mwisho uliziona lini taa za breki za gari lako zikiwaka? Dereva huona za wengine. Zake huonwa na aliye nyuma.

Nilikumbushwa hilo msimu wa kahawa, nikitoka Mbinga kwenda Mbamba Bay harusini. Barabara ile ni kilomita 66 za lami, inashuka kutoka milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa, kona baada ya kona. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Kila nikipunguza mwendo, linapiga honi. Kwenye kona moja lilinikaribia mpaka kioo changu kikajaa bampa lake. Nilimkasirikia sana dereva yule.

Tulipofika tambarare alinipita, akasimama, akashuka. “Shikamoo mzee. Taa zako za breki haziwaki.”

Nikamjibu kwa ukali kwamba breki zangu ni nzima.

“Breki ni nzima, mzee wangu. Ila mimi wa nyuma nitajuaje kwamba unasimama?”

Mbamba Bay nilimtafuta fundi umeme wa magari. Hakukimbilia balbu. Aliniambia nikanyage breki, akaenda nyuma: ya kushoto, ya kulia na ile ya juu, zote hazikuwaka. “Balbu tatu haziungui siku moja,” akasema. Akaangalia fyuzi, akaikuta nzima. Ndipo akainama chini ya usukani, kwenye sensa ya pedali, ambayo mafundi wengi huiita swichi ya breki. Ni kitu kidogo tu. Pedali ikiwa juu hubonyeza pini yake, umeme hukatika. Ukikanyaga, pini hutoka na umeme hupita hadi kwenye taa. Akagusa nyaya kwa testa: umeme unaingia, lakini nikikanyaga hautoki. Akachomoa soketi, akaunganisha nyaya mbili kwa kipande cha waya. Taa zikawaka. “Ugonjwa uko hapa,” akasema. Alipofunga swichi nyingine, hakupokea pesa mpaka tulipopima tena, mimi nikikanyaga, yeye akitazama nyuma.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia fundi. Mdogo wangu anaishi Mbamba Bay. Tuligombana kwa ajili ya shamba la kahawa la marehemu baba, na miaka mitatu hatukuzungumza. Nilikwisha kumsamehe zamani. Hata Ekaristi nilipokea kwa amani. Ila sikuwa nimepanga kupita kwake, maana nilijiambia: yameisha moyoni mwangu, yatosha. Nilipokuwa nimekaa pale gereji, maneno ya dereva wa lori yakanirudia. Aliye nyuma atajuaje?

Kumbuka yule baba wa Luka 15. Hakumsamehe mwanawe kimoyomoyo akabaki ndani. Alimwona angali mbali, akakimbia, akamkumbatia. Akaagiza vazi, pete na viatu. Msamaha wake ulionekana kwa mtoto, kwa watumishi, hata kwa kaka mkubwa aliyenuna.

Nikaenda. Mdogo wangu alikuwa akianua dagaa. Aliponiona alisimama, hakusogea.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Yale ya shamba kwangu yaliisha zamani.”

Akanyamaza kitambo. “Mbona hukuniambia, kaka? Mwaka jana mwanangu alilazwa. Niliishika simu usiku kucha, nikaogopa kukupigia.”

Sikuwa na jibu. Breki zangu zilikuwa zimeshika muda wote ule, na ndugu yangu alikuwa nyuma akiishi kwa hofu.

Mpendwa msomaji, leo kabla ya kwenda ibadani, mwombe mtu asimame nyuma ya gari lako, ukanyage breki. Ni kazi ya dakika moja na inaokoa maisha. Ukirudi, mfikirie yule uliyemsamehe bila kumwambia: mke, mume, mtoto, jirani, mfanyakazi wa nyumbani. Usingoje aulize. Mpigie, au nenda kwake. Na akitokea mtu wa kukupigia honi, usimkasirikie kabla hujamsikiliza. Huenda yeye ndiye aliyeona.

Jumapili njema.