Doli wa Mtumba Apate Nywele Kama za Binti Yako

Katika soko la mitumba, mara nyingi utakuta doli wanaouzwa kwa bei ya chini. Mwili ni mzima, lakini nywele zimeshikana hata kitana hakipiti. Tena wengi wana nywele za manjano, ndefu, zisizofanana kabisa na za mtoto atakayewachezea. Mama, usimtupe doli kama huyo. Unaweza kumfinyangia nywele mpya na kuzipaka rangi.

Je, jambo hili lina maana? Ndiyo. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi doli weupe na weusi. Watoto wengi walimpenda yule mweupe, na wengi wakasema mweusi ndiye mbaya. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitaja kazi yao katika hukumu ya 1954 iliyopinga kutenga watoto shuleni kwa rangi. Kumbe mtoto hujifunza mapema kujipenda au kujidharau, hata akiwa anacheza.

Vifaa: gundi ya epoksi ya kufinyanga (huuzwa kwa hadiwea, sehemu mbili za kuchanganywa), glavu, msasa laini, kijiti cha meno, mswaki mzee, rangi ya akriliki ya maji na vanishi ya maji.

Namna ya kufanya:

1. Kata nywele zote hadi kichwani. Osha kichwa kwa sabuni, kikauke, kisha kikwaruze kwa msasa ili gundi ishike.

2. Vaa glavu. Kanda sehemu mbili za gundi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mpaka rangi iwe moja. Changanya kidogo kidogo, kwa maana ikishakauka hairudi kuwa laini.

3. Tandaza tabaka jembamba kichwani, ulainishe kwa kidole kilicholoweshwa maji. Ukitaka matuta, viringisha vijiti vyembamba vya gundi, uvibandike kuanzia kwa paji la uso kwenda kisogoni, kisha chora misuko kwa kijiti cha meno. Ukitaka afro, gongagonga kwa mswaki.

4. Acha siku nzima ikauke. Penye ncha kali piga msasa wenye maji, usije ukavuta vumbi.

5. Paka rangi nyeusi mara mbili, nyembamba. Kisha pitisha kahawia kidogo juu ya matuta ili yaonekane. Malizia kwa vanishi.

Angalia sana mambo haya. Usitumie mabaki ya rangi ya nyumba, maana rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Rangi ya mafuta nayo huweza kubaki ikinata kwa plastiki laini. Dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye asetoni huyeyusha plastiki ngumu. Fanya kazi mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Na doli huyu asipewe mtoto wa chini ya miaka 3, kwani kipande kikibanduka chaweza kumkaba.

Kabla ya kuanza, muulize binti yako anataka msuko gani. Atakapomwona doli amesukwa kama yeye, hutahitaji kumhubiria kwamba nywele zake ni nzuri.