Hatua Isiyotajwa: Mapishi ya Ufipa Yanapohama Jiko

Mgeni anayehamia Sumbawanga kutoka pwani huanza kwa kulalamikia baridi, kisha hugeukia maharage. Sufuria ni lilelile, mkaa ni uleule, na saa mbili zimepita punje zikiwa bado ngumu. Wengi huwalaumu wauzaji wa sokoni kwamba wamewapa maharage ya zamani. Mara nyingi wauzaji hawana kosa. Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua nguvu ya kuyakandamiza maji. Dar es Salaam maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Sumbawanga huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi. Hata moto uongezwe namna gani, maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto zaidi. Yatakauka tu, na mkaa utateketea bure.

Wenyeji wa uwanda huu wanalijua jambo hilo kwa vitendo. Maharage huchaguliwa jioni, huoshwa na kulowekwa usiku kucha kwa maji yanayoyazidi mara tatu. Asubuhi maji yale humwagwa, maharage huwekwa maji mapya na kuchemshwa kwa moto mkali mwanzoni, kisha moto hupunguzwa. Nyanya na chumvi husubiri hadi punje zilainike, kwa kuwa uchachu wa nyanya huzuia ganda kulainika. Moto mkali wa mwanzo una sababu yake pia: maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibika kwa mchemko wa kweli wa dakika kumi au zaidi, na moto wa polepole peke yake hautoshi. Wapo wanaotia magadi ili yaive upesi. Yanaiva, lakini magadi huharibu vitamini B1, na kwa nyumba inayotegemea maharage karibu kila siku hiyo si hasara ndogo.

Mtu akiomba pishi la maharage ataambiwa kitunguu, nyanya, karoti, pengine karanga za kusaga. Kuloweka hakutatajwa, kwa kuwa anayefundisha hukuona ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Hapo ndipo penye tatizo, na halikomei kwenye maharage. Sumbawanga ni mji wa majiko mengi. Magharibi, chini bondeni, liko Ziwa Tanganyika na bandari zake za Kirando, Kipili na Kasanga. Mashariki ni bonde la Ziwa Rukwa, ambako Wasukuma wameingia na ng'ombe wao kwa miongo kadhaa na kuleta maziwa mgando, na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Kusini ni Zambia. Barabara ya lami ya kutoka Tunduma imewaleta wafanyabiashara na watumishi kutoka kila pembe ya nchi. Mapishi yao hukutana kliniki, kwenye vikundi vya kuweka akiba, kwenye mikutano ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, parokiani, na zaidi ya yote kwenye misiba na harusi, ambako wanawake wa makabila matano huweza kupika kwenye mafiga yaliyopangwa mstari mmoja.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi. "Shikamoo mama, togwa yako unaifanyaje?" "Marahaba mwanangu. Unapika uji, unaweka kimea, inakuwa togwa." Binti anarudi nyumbani na viungo vyote mkononi, ila hatua zilizoifanya togwa ile iwe chakula cha maana hakuambiwa.

Kimea, unga wa ulezi uliochipushwa, kinastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndicho kilicho karibu zaidi na historia ya Ufipa yenyewe. Kabla ya mahindi kutawala, zao kuu la uwanda huu lilikuwa ulezi. Wafipa waliulima katika nchi yenye nyasi nyingi na miti michache, kwa hiyo hawakuweza kutegemea kilimo cha kukata na kuchoma matawi kama majirani zao Wabemba wa Zambia. Walibuni njia yao: nyasi zilikusanywa na kufukiwa ndani ya matuta ya mviringo, zikaoza na kuwa mbolea. Maharage yaliweza kupandwa juu ya matuta hayo, na msimu uliofuata matuta yalisambazwa na ulezi ukapandwa. Maharage na ulezi vilifuatana shambani jinsi vinavyofuatana sahanini.

Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine zinazoliwa kwa wingi nchini. Gramu 100 zina miligramu 300 na zaidi, wakati mahindi na mchele havifiki hata 30. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na maelfu ya miaka iliyopita ulivuka bahari hadi India. Huko Karnataka huitwa ragi, na watu husonga tonge la ragi mudde ambalo Mfipa angelitambua mara moja kuwa ni ugali. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii hii.

Ila ulezi una kasoro. Ganda lake lina tanini na asidi ya fitiki, ambazo hushika madini na kuyazuia yasifyonzwe tumboni. Dawa yake ni kuuchipusha. Ulezi hulowekwa usiku mmoja, huchujwa, hufunikwa kwa gunia bichi, na hunyunyiziwa maji siku mbili au tatu hadi vichipukizi vyeupe vitokeze. Kisha huanikwa juani, hupukutwa na kusagwa. Unga huo ndio kimea. Punje zilizoota ukungu hutupwa zote pamoja na zilizogusana nazo. Hapa ubahili ni hatari, kwa sababu baadhi ya kuvu huacha sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Wakati wa kuchipuka punje hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huikata minyororo ya wanga kama mkasi. Uji mzito uliopikwa ukapozwa hadi mkono uweze kuvumilia joto lake, ukitiwa kijiko kimoja cha kimea, hulegea mbele ya macho ya mpishi ndani ya dakika chache. Faida yake kwa mtoto ni kubwa. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mzito hawezi kuumeza, na uji mwepesi wa kawaida ni maji zaidi kuliko chakula. Kwa kimea, kikombe kilekile hubeba unga mwingi zaidi na bado hunyweka. Mwaka 1983 A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hilohilo, na maarifa ya bibi wa Ufipa yakapata takwimu.

Sasa hatua zisizotajwa. Kimea kikitiwa kwenye uji unaochemka, kimeng'enya hufa na uji hubaki mzito. Mama hudhani ameuziwa kimea kibovu. Kikitiwa kwenye uji uliopoa kabisa, kazi huenda polepole mno. Na kwa mtoto mdogo, uji ukishalegea unapaswa kurudishwa jikoni uchemke tena kidogo, maana kimea kimekaa unyevuni siku kadhaa na hubeba vijidudu.

Anayetaka togwa ya wakubwa huuacha uji huo uliotiwa kimea kwenye chungu kilichofunikwa, mahali penye uvuguvugu, hadi kesho yake. Bakteria wa asidi ya laktiki huuchachua, na uchachu huo huzuia vijidudu vingi vya kuharisha visistawi. Watafiti wa Tanzania na Sweden walilithibitisha hilo katika miaka ya 1990 kwa watoto waliolishwa uji uliochachushwa. Kwenye baridi ya Ufipa ya Juni na Julai, togwa iliyoachwa sakafuni inaweza isichachuke vizuri kwa siku moja. Pishi lililotoka Morogoro kwenye joto lazima liongezewe muda au blanketi.

Haya yana uzito mkubwa mkoani Rukwa, uliko mji wa Sumbawanga, kuliko mahali pengi. Mkoa huu huhesabiwa miongoni mwa maghala ya mahindi ya taifa, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa 2022 ulikuta karibu asilimia 50, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Udumavu una vyanzo vingi: maji machafu, maradhi, kazi nyingi zinazomwelemea mama mjamzito, unyonyeshaji unaokatizwa. Itakuwa uongo kusema kwamba mapishi peke yake yatauondoa. Hata hivyo, mtoto kudumaa ndani ya nyumba yenye magunia ya nafaka ni ishara kwamba kitu fulani kimepotea kati ya ghala na kikombe.

Dunia imewahi kulilipia kosa la namna hii kwa gharama kubwa. Watu wa Meksiko, nchi iliyo chimbuko la mahindi, huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipovuka kwenda Ulaya, mbegu ilikwenda na chokaa ikabaki. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alieleza huko Hispania ugonjwa mpya wa ngozi miongoni mwa maskini. Ndio pellagra, ugonjwa wa ukosefu wa niasini, ulioua watu wengi kaskazini mwa Italia na baadaye kusini mwa Marekani. Mla ugali wa Sumbawanga hukingwa na kile kinachokaa kando ya tonge: karanga, maharage, samaki. Ukiondoa mboga hizo, ugali peke yake hauna ulinzi.

Mfano wa karibu zaidi ni muhogo, chakula cha mwambao wa Ziwa Tanganyika. Muhogo mchungu una viini vya sayanidi, na wapishi wa ziwani huumenya, huuloweka siku tatu hadi tano mpaka ulainike, huuanika hadi ukauke kabisa, ndipo huutwanga. Hakuna siku hata moja hapo iliyowekwa kwa mazoea tu. Huko Masasi mwaka 1988, wakati wa upungufu wa chakula, baadhi ya familia zilifupisha ukaushaji wa wiki nzima ukawa kazi ya siku moja, na watu wakapata sumu. Tarime katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, mlo wa muhogo usioandaliwa vya kutosha ulihusishwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote. Jirani wa uwandani anayependa ugali mweupe wa muhogo alioula Kirando asiulize tu unga unanunuliwa wapi. Aulize umelowekwa siku ngapi.

Kutoka mwambao huohuo hupanda migebuka na dagaa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikijaa hupungua sokoni. Wengi mjini huwakata vichwa na kuwaloweka muda mrefu kwa maji ya moto ili kuondoa mchanga. Inatosha kuwapepeta kwenye ungo, kuwaosha haraka mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, kuwakaanga kwa mafuta kidogo hadi wakauke, kisha kuwaunga kwa kitunguu, nyanya na karanga zilizosagwa. Dagaa mzima, na kichwa chake na mifupa yake, ndiye mwenye kalsiamu. Wakisagwa unga, kijiko kimoja hutosha uji wa mtoto.

Lipo pishi moja ambalo, kwa maoni ya makala haya, halifai kuenezwa kwa sasa. Ni chikanda ya Zambia, ambayo baadhi ya wakazi wa Nyanda za Juu Kusini huiita kinaka. Viazi vidogo vya okidi za porini hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi mchanganyiko ugande uweze kukatwa vipande. Ni kitamu na kinashibisha. Lakini kiazi kikichimbwa, mmea umekufa. Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria mwaka 2003 kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Tanzania kwenda Zambia. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini. Mpaka okidi hizo ziweze kulimwa bustanini kama zao, kinaka kibaki chakula cha nadra.

Mengine yote yagawanywe kwa mikono miwili, ila yagawanywe mazima. Vikundi vya akina mama vya Sumbawanga, Namanyere, Matai na Laela vina makatibu wanaoandika akiba hadi shilingi ya mwisho. Daftari hilohilo linaweza kubeba kurasa za mapishi, zenye saa za kuloweka, siku za kuanika na joto la uji wakati kimea kinapotiwa. Anayetaka kuanza na kimea anunue ulezi kidogo wa mavuno ya mwaka huu, ambao haukukaangwa, kisha aloweke kiganja kimoja na kukifunga kwenye kitambaa kibichi. Baada ya siku mbili punje nyingi zikiwa zimechipua, alete debe zima nyumbani. Zikichipua chache, ulezi huo ni wa ugali. Wa kimea autafute kwa muuzaji mwingine.