Kura Mbili, Mtoto Mmoja

Baba na mama wakitofautiana kuhusu jina la mtoto, mtoto hupata jina hata hivyo. Wakitofautiana kuhusu shule, Januari ikifika ataandikishwa mahali. Chanjo haina msukumo wa namna hiyo. Mmoja akisema apelekwe na mwingine akisema tungoje kwanza, siku ya kliniki inapita mtoto akiwa nyumbani, na aliyesema tungoje ameshinda bila kumshawishi mtu yeyote. Majirani husema wawili hao bado wanajadiliana, lakini mwili wa mtoto umeshapokea uamuzi.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kupanga Kitengela, kaunti ya Kajiado, hatua chache kutoka barabara ya Namanga. Ni mfano tu, ila kila kipande chake kimo katika historia ya karibu ya Kenya. Baba ni mzaliwa wa upande wa Isinya, mtoto wa wafugaji. Mama anashona nguo katika kiwanda kimoja cha EPZ huko Athi River, na alilelewa katika parokia ya Kikatoliki. Mtoto wao ana miezi 14. Alipozaliwa alipata BCG, chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu kwenye mkono wa kushoto, pamoja na matone ya polio. Wiki ya 6 alipelekwa, wiki ya 10 pia. Baada ya hapo kitabu cha kliniki hakijaandikwa kitu.

Kilichotokea ni usiku mmoja. Sindano ya paja ya wiki ya 10 ilimletea mtoto homa, paja likavimba, akalia hadi alfajiri. Mama ndiye aliyekesha naye. Homa ya siku moja au mbili baada ya sindano hiyo ni jambo la kawaida, na muuguzi huenda alilisema kwa haraka huku foleni ikisukuma. Lakini mama aliyekesha ameona madhara kwa macho yake na kuyashika kwa mikono. Faida hakuiona, kwa sababu ugonjwa uliozuiwa haupigi hodi.

Hapa ndipo wanaotetea chanjo, mimi nikiwa mmoja wao, wanapopaswa kuleta faida hiyo mbele ya macho. Sindano ile hukinga magonjwa 5 kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib ambao huleta nimonia kali na homa ya uti wa mgongo. Kenya ilianza kuitumia mwaka 2001. Watafiti wa Kilifi, ambao walikuwa wakihesabu wagonjwa wa Hib hospitalini tangu kabla ya hapo, waliona ugonjwa huo kwa watoto wa chini ya miaka 5 ukishuka kutoka 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi chini ya 8, yote hayo ndani ya miaka mitatu. Chanjo ya nimokoki ilipokuja mwaka 2011, jambo kama hilo lilijirudia: aina za bakteria zilizolengwa zilipungua kwa asilimia 92 katika maradhi makali ya watoto wadogo wa Kilifi. Watoto hao ni wa pwani, si wa Kajiado, lakini sindano ni ile ile.

Baba wa mfano wetu angependa takwimu hizi. Yeye anaamini chanjo kwa sababu ambayo mtu wa Kajiado hahitaji kuelezwa sana. Karibu mwaka 1890 sotoka iliingia nchi ya Wamaasai na kufagia ng'ombe, na ndui ikafuata kwa watu. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, na wazee bado wanakitaja. Ndui ilikwisha duniani kwa chanjo. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, Oktoba 1977, mpishi wa hospitali aliyeikwepa sindano kwa kuogopa maumivu, na ambaye miaka mingi baadaye alizunguka akiwahimiza wazazi wakubali matone ya polio. Sotoka nayo ilikwisha kwa chanjo iliyotengenezwa hapa Kenya, huko Muguga, na Walter Plowright na wenzake. Wanyama wa mwisho kuonekana nayo walikuwa nyati wa hifadhi ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru. Magonjwa mawili pekee ndiyo yamewahi kufutwa duniani, na yote mawili yaliwahi kupita Kajiado.

Kwa hiyo baba anauliza: tunachanja ng'ombe, iweje tumwache mtoto? Swali ni zuri, na bado halimsaidii mkewe hata kidogo, kwa kuwa yeye hakuuliza kama chanjo hufanya kazi. Anachouliza ni nani aliyeileta na anataka nini kwetu. Ugomvi mwingi wa nyumbani unakwama hapa: mmoja anajibu kuhusu ugonjwa, mwenzake ameuliza kuhusu uaminifu.

Swali la mama lina asili yake. Mwaka 2014 Wizara ya Afya iliendesha kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49. Baraza la Maaskofu Katoliki la Kenya lilisema hadharani kwamba chanjo hiyo imetiwa homoni ya ujauzito ili kuwafanya wanawake wasizae. Msichana aliyekuwa kanisani wakati ule hakulisikia neno hilo kutoka kwa mpita njia. Alilisikia kutoka kwa watu walioendesha shule yake na hospitali aliyotibiwa. Mwaka uliofuata maaskofu waliwataka waumini wajiepushe pia na kampeni ya polio.

Kumwambia mama huyu kwamba ni porojo tu ni kumtukana, na pia si kweli kabisa, kwani uvumi ule ulikuwa na mzizi halisi. Nchini India, mwanasayansi G. P. Talwar alifanya utafiti kwa miaka mingi akijaribu kutengeneza chanjo ya kupanga uzazi. Aliunganisha homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyolainishwa ili mwili uitambue, na matokeo ya majaribio yake kwa wanawake waliojitolea yalichapishwa mwaka 1994, wazi, kwa jina lake. Katika miaka ya 1990 hofu kwamba kitu hicho kimefichwa ndani ya chanjo ya kawaida ya pepopunda ilizuka Mexico na Ufilipino, kisha ikatua Kenya. Mambo mawili tofauti yalishonwa yakawa moja.

Maswali ya maaskofu yalikuwa na majibu. Kwa nini wanawake pekee? Kwa sababu pepopunda inayoua watoto wachanga huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, na mtoto wa siku chache hana kinga nyingine ila ile aliyopewa na mama yake tumboni. Kwa nini dozi 5? Kwa sababu hiyo ndiyo ratiba iliyotumika duniani kwa wanawake wa umri wa kuzaa miaka mingi kabla ya 2014. Na homoni iliyodaiwa kuonekana? Ilielezwa kwamba vipimo vya damu ya binadamu vilitumiwa kupima chanjo, kitu ambacho havikutengenezewa. Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya umma. Kama habari hiyo haikusomwa parokiani, ni hasara kubwa, kwa sababu iliwahusu wanawake walewale waliotiwa hofu.

Baba naye asijione amesimama juu ya mlima. Mwishoni mwa 2024 serikali ilipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, wafugaji wengi walipinga. Waliuliza ni nani anayelipa, kwa nini sasa, na kama kuna tajiri wa ng'ambo nyuma yake. Ndugu zake kule Isinya huenda walikuwa miongoni mwao, watu ambao wamewachanja mifugo maisha yao yote. Kama wao waliweza kuuliza hivyo kuhusu ng'ombe, mke wake anaweza kuuliza kuhusu mtoto. Mtu anayeuliza si mjinga wala si adui wa mtoto wake.

Kuuliza kuna gharama yake, hata hivyo, na gharama hiyo hupimwa kwa umri. Kinga ya surua, au ukambi, ambayo mtoto hupokea kwa mama yake hufifia katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana Kenya hutoa dozi ya kwanza ya surua na rubela mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Mtoto wa miezi 14 asiye na dozi hata moja yuko wazi kabisa. Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na mgonjwa mmoja, katikati ya watu wasio na kinga, huambukiza wengine 12 hadi 18. Ili ugonjwa huo ukose njia, karibu watu 95 kati ya 100 wanapaswa kuwa na kinga. Kitengela ni mji wa nyumba za kupanga zilizobanana, shule za chekechea zilizojaa, na matatu zinazotoka Nairobi na Namanga kutwa. Surua pia hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ambayo mwili ulijijengea dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto aliyepona anaweza kurudi hospitali wiki kadhaa baadaye kwa nimonia au kuhara.

Si surua tu. Mwaka 2023, na tena Oktoba 2024, Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizofanyiwa kampeni za dharura za polio baada ya virusi kugunduliwa nchini.

Inafaa kusema pia kwamba wanaokataa kabisa ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 8 kati ya 10 wa umri wa mwaka mmoja walikuwa wamepata chanjo zote za msingi, na waliokosa kabisa walikuwa kama 2 kati ya 100. Waliobaki katikati walianza wakaishia njiani. Kwa baadhi, wazazi walitofautiana. Kwa wengine, mama hakupewa ruhusa kazini, au kituo kiko mbali na manyatta. Wengine walifika wakaambiwa chanjo imekwisha: katikati ya 2025 BCG na polio ziliadimika nchi nzima. Mzazi mwenye shaka akirudishwa nyumbani mikono mitupu mara mbili, shaka yake imepata nguvu ambayo hakuna hotuba itakayoiondoa.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya, inawapa baba na mama wajibu sawa wawe wameoana au la, na inaweka maslahi ya mtoto mbele ya kila kitu. Sheria ya Watoto ya 2022 inataja chanjo waziwazi ndani ya matibabu ambayo mzazi anawajibika kumpa mtoto, na inasema hakuna mzazi aliye juu ya mwenzake. Usawa huo ni jambo jema. Lakini kura mbili zilizo sawa hazitoi mshindi, na tumeona nani hufaidika na sare. Ndiyo sababu kipengele cha maslahi ya mtoto kina uzito: mahakama ya watoto ikiombwa iamue, haitapima nani anampenda mtoto zaidi, itapima nini kinamfaa. Huko Uingereza, mwaka 2013, baba na mama walipopingana kuhusu chanjo ya surua kwa binti zao wa miaka 11 na 15, Mahakama Kuu iliagiza wachanjwe ingawa wasichana wenyewe hawakutaka.

Mlango wa mahakama uwe wa mwisho. Kabla yake yupo afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na kabla yake yupo mhudumu wa afya ya jamii anayeijua nyumba. Kabla ya wote hao, ipo safari moja ambayo naithamini kuliko hotuba zote: baba kukaa kwenye benchi la kliniki. Katika nyumba nyingi baba hutoa msimamo, na mama hutoa siku ya mshahara, nauli, na usiku wa homa. Msimamo wa mbali ni rahisi. Akienda naye, akamsikia muuguzi akieleza kwamba homa inaweza kurudi siku ya 6 hadi ya 12 baada ya sindano ya surua, kisha akakesha zamu yake, mkewe hatakuwa shahidi wa peke yake tena.

Kwa mtoto wetu wa miezi 14 hesabu si ngumu. Hakuna kuanza upya. Dozi za wiki ya 6 na ya 10 zinahesabiwa, iliyokosekana inatolewa, na surua ya kwanza inatolewa siku hiyo hiyo. Ya pili itafuata kwenye miezi yake 18.

Jambo gumu zaidi ni la dada yake, ikiwa yupo na amefika miaka 10. Tangu Oktoba 2019 wasichana wa umri huo hupewa chanjo ya virusi vya papiloma, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri kabla mtu hajakutana na virusi hivyo, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana. Hapo maneno ya 2014 kuhusu uzazi yatarudi mezani, na baba aliyeongea kwa urahisi kuhusu ng'ombe anaweza kunyamaza. Sheria ile ile ya 2022 inataka mtoto asikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake. Msichana wa miaka 10 anaweza kueleweshwa saratani ni nini, sindano ni ya nini, na kwa nini mama yake ana shaka nayo, naye ana maswali yake mwenyewe ambayo wazazi wote wawili wanapaswa kuwa tayari kuyajibu.