Nani Amekupa Ruhusa ya Kunipiga Picha?

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

  Leo tunashuka Kampala, kwa sababu wengi wetu tunashuka huko: kwa matibabu, kwa mahojiano, kutafuta kazi, kumwona shangazi aliyepanga chumba Katwe. Na Kampala kila mtu ana simu mkononi.

Tuseme umeketi Kisenyi, umepanga nyanya zako mafungu mafungu, mtoto yuko mgongoni. Kijana anapita, anainua simu, anakupiga picha. Unamwambia, "Wewe, nani amekupa ruhusa?" Anakujibu, "Hapa ni barabarani, si nyumbani kwako." Sauti zinapanda. Muda mfupi tu watu 20 wamewazunguka, na nusu yao wanarekodi ugomvi wenyewe. Mwanzo ulipigwa picha na mtu mmoja. Sasa ni kumi.

Nani ana haki hapo?

Kijana ana sehemu ya ukweli. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu katika nyumba yake, mawasiliano yake na mali yake. Barabara haimo. Lakini sikiliza neno moja: ibara hiyo inasema "mtu", haisemi "raia". Mkimbizi ni mtu. Asije mwingine akakudanganya kwamba faragha ni ya wenye kitambulisho cha taifa.

Halafu mwaka 2019 Uganda ikapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha. Hii inakwenda mbele zaidi. Taarifa binafsi, kwa sheria hiyo, ni habari yoyote iliyohifadhiwa ambayo kwayo mtu anaweza kutambulika. Sura yako inakutambulisha kuliko hata jina lako. Anayekusanya taarifa hizo anatakiwa kupata ridhaa yako na kukuambia anazitaka kwa kazi gani. Kwa mtoto, ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi. Zipo ruhusa maalumu, kama usalama wa taifa na kazi za serikali, lakini kutafuta watazamaji wa TikTok si mojawapo.

Pale picha inapotumika kuuza kitu, mambo yanakuwa wazi zaidi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Kampala, kitengo cha biashara, ilishughulikia kesi ya mwanamke aliyeilalamikia benki kwa kutumia picha yake kwenye matangazo. Mahakama ikaeleza mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba unatambulika katika picha, kwamba imetumika kutangaza biashara, na kwamba hukukubali. Majirani zetu Kenya nao hawakulala. Septemba 2023, ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila kuwauliza wazazi. Kumbe picha ya bure inaweza kuwa ghali sana.

(Muziki mfupi.)

Sasa kwa nini jambo hili lituume sisi zaidi ya wengine? Mwenyeji wa Kampala akipigwa picha, anaona amedharauliwa, basi. Miongoni mwetu wapo waliomkimbia mtu mwenye jina na sura, na mtu huyo pia ana simu. Picha yako na kibao cha duka nyuma yako inatosha kumwonyesha ulipo. Mama anayefunika uso mtu akiinua simu pengine hana aibu yoyote. Anajilinda.

Mnaijua picha ya yule msichana Mwafghani mwenye macho ya kijani? Steve McCurry alimpiga mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan, na mwaka 1985 ikatokea kwenye jalada la gazeti la National Geographic. Dunia nzima iliijua sura yake. Jina lake, Sharbat Gula, halikujulikana mpaka mwaka 2002 alipotafutwa na kupatikana. Miaka 17 sura yake ilikuwa kwenye kuta za watu, naye hajui. Wengine wanasema picha ile ilisaidia wakimbizi, na huenda ni kweli. Mimi bado naona angeulizwa kwanza.

Turudi kwenye nyanya zako. Kitu cha kwanza: usimnyang'anye simu. Hata kama haki ni yako, ukishaishika simu yake umempa kesi ya wizi dhidi yako, na mjini neno "mwizi" likipigwa kelele, watu hawaulizi maswali. Mwambie afute mbele yako, na afute pia kwenye kasha la picha zilizofutwa, maana picha hukaa humo siku kadhaa. Zungumza taratibu. Na kama unajua Kiganda kidogo, anza nacho. Wazee wengi wa Kampala bado wanasikia Kiswahili kama lugha ya askari, tangu siku za Amin, kwa hiyo Kiswahili cha hasira kinaongeza moto. Sema tu, "Nedda, ssebo." Hapana, bwana.

Akikataa, mwite mwenyekiti wa LC1 au mzee wa soko. Kama picha imeshawekwa mtandaoni, hifadhi ushahidi: nakala ya ukurasa, tarehe, jina la akaunti. Malalamiko yanapelekwa Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyo chini ya NITA-U. Kama unahofia usalama wako kwa sababu ya picha hiyo, usisubiri: waone polisi na watu wa ulinzi wa UNHCR.

Na ninyi vijana wenzangu mnaotengeneza video, msicheke. Nanyi mnapiga. Tena Kampala, tangu mabomu ya 16 Novemba 2021 karibu na kituo kikuu cha polisi na bunge, mlinzi akikuona unaelekeza simu kwenye lango la ofisi hatafikiri unatafuta mwanga mzuri. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na vizuizi, weka simu mfukoni. Kwa watu wa kawaida, maneno ni machache: "Nnyabo, nsobola okukukuba ekifaananyi?" Mama, naweza kukupiga picha? Ajabu, Waganda nao picha "wanaipiga" kama sisi. Pengine ndiyo maana inauma.

Mwisho, swali tunaloletewa sana: mgeni wa shirika amekuja kambini na kamera, je, nikikataa nitafutwa kwenye orodha ya chakula? Hapana. Tofautisha vitu viwili. Picha na alama za vidole za usajili, kama zile za uhakiki wa mwaka 2018, ni za utambulisho wako, nazo zinahitajika. Picha ya gazeti, ya bango au ya ripoti ni ombi. Unaruhusiwa kuuliza itakwenda wapi, kuomba sura yako isionekane, au kukataa, na posho yako inabaki palepale. Wakikuletea karatasi ya kusaini kwa lugha usiyoisoma, omba mkalimani kabla ya kushika kalamu. Na mtu akikutishia msaada kwa sababu ya picha, mwambie mwenyekiti wako wa RWC siku hiyohiyo.

(Muziki wa kipindi unapanda.)