VISIWA VYA CHAGOS: SERIKALI ISIYO NA RAIA

Katikati ya Bahari ya Hindi, kusini ya Ikweta karibu katika mstari mmoja na Dar es Salaam, lakini mbali nayo zaidi ya kilomita 3,500 kwa upande wa mashariki, pana visiwa viitwavyo Chagos. Idadi yake ni karibu 60, na nchi kavu yake yote ikikusanywa mahali pamoja ni kilomita za mraba 60 hivi. Unguja peke yake ni kubwa kuliko vyote hivyo zaidi ya mara ishirini. Hata hivyo kwa ajili ya visiwa hivi mataifa yamepiga kura Umoja wa Mataifa, mahakimu wa dunia wameketi, na watu maskini wasiopungua 1,500 wameng'olewa makwao.

Visiwa hivi ni vya matumbawe, vimejengeka juu ya migongo ya milima iliyozama baharini. Kaskazini yake, kiasi cha kilomita 500, ndiko kuliko Maldivi. Morisi iko kusini-magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000. Kati yake lipo Fungu Kuu la Chagos, ambalo sehemu yake kubwa imefunikwa na maji, na kando yake Peros Banhos na Salomon. Kusini kabisa kiko Diego Garcia, kisiwa kilicho kikubwa kupita vyote. Umbo lake ni la ukanda mwembamba wa ardhi uliopinda kama kwato ya farasi, ukazunguka bahari ya ndani yenye kina na utulivu. Manowari kubwa zaweza kutia nanga humo bila shida. Msomaji na akumbuke jambo hilo, kwa maana bandari hiyo ndiyo iliyowaponza wenyeji.

Wenyeji hao walitoka wapi? Katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 Wafaransa wenye mashamba walileta watumwa kutoka Msumbiji na Bukini, wakawapandisha minazi. Mwaka 1810 Waingereza waliiteka Morisi, na kwa Mkataba wa Paris wa 1814 wakapewa kisiwa hicho pamoja na visiwa vilivyokuwa chini yake. Utumwa ulipokomeshwa katika miaka ya 1830, watumwa wa jana waligeuka vibarua wa leo, katika mashamba yale yale na mara nyingi chini ya mabwana wale wale. Walifua nazi, wakakausha mbata, wakakamua mafuta, na sehemu ya ujira wao ilikuwa posho ya chakula. Baadaye walichanganyika na watu waliotoka Bara Hindi. Walikuwa na Krioli yao, makanisa yao, bustani zao na makaburi ya babu zao. Vizazi vitano na zaidi vilizaliwa na kuzikwa hapo.

Katika miaka ya 1960 Marekani ilikuwa ikitafuta mahali pa kuweka kituo cha kijeshi katika Bahari ya Hindi, nayo Uingereza ilikuwa ikijiandaa kuipa Morisi uhuru. Mwezi Septemba 1965 viongozi wa Morisi waliitwa London kuzungumza juu ya uhuru wao, na katika mazungumzo hayo hayo wakatakiwa wakubali Chagos ikatwe. Tarehe 8 Novemba 1965, kwa amri iliyotolewa kwa jina la Malkia, koloni jipya lilizaliwa, likaitwa Eneo la Kiingereza la Bahari ya Hindi. Morisi ililipwa pauni milioni 3. Shelisheli nayo ilinyang'anywa Aldabra, Farquhar na Desroches, ambavyo ilirudishiwa ilipopata uhuru mwaka 1976. Yafaa ieleweke kwamba tangu 1960 Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kutamka kuwa si halali kuikata nchi vipande kabla haijajitawala. Wakati ule ule ambapo bendera za kikoloni zilikuwa zikiteremshwa kila pembe ya Afrika, huku lilikuwa likiundwa koloni jipya kabisa.

Tarehe 30 Desemba 1966 Uingereza na Marekani zilibadilishana barua, na Marekani ikapewa nafasi ya kutumia visiwa kwa miaka 50 ya kwanza. Hapakuandikwa kodi yoyote. Lakini kwa siri Uingereza ilipunguziwa dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris, na Mabunge ya nchi zote mbili hayakuambiwa.

Liliwabakia jambo moja la kuwasumbua: watu. Kama Chagos ina wenyeji, basi kwa Katiba ya Umoja wa Mataifa mtawala hulazimika kulinda masilahi yao na kutoa taarifa juu ya hali yao. Maofisa wa London wakapata dawa. Barua zao, zilizofunguliwa miaka mingi baadaye, zaonyesha wazi jinsi walivyokubaliana kusema kwamba visiwani hapana wenyeji, ila wafanyakazi wa mkataba waliokuja kwa muda na watakaorudi kwao. Mfanyakazi yeyote aliyepata kusaini karatasi ya ajira ataitambua hila hii mara moja. Mtu aliyezaliwa shambani, na baba yake akazaliwa shambani, aliambiwa kuwa yeye ni mgeni kwa sababu tu alikuwa akilipwa mshahara.

Mwaka 1967 Serikali ya Kiingereza iliyanunua mashamba yote. Kuanzia hapo, waliokwenda Morisi kwa matibabu au kutembelea jamaa zao waliambiwa kwamba hapana tena meli ya kuwarudisha. Walioachwa visiwani waliona vyakula na dawa vikipungua. Mwaka 1971 ikawa zamu ya Diego Garcia. Kabla ya watu wa mwisho kupakiwa melini, mbwa wao walikusanywa, wakafungiwa katika jengo la kukaushia mbata, wakauawa kwa moshi wa magari. Watu waliona, wakaelewa. Salomon ilifungwa mwaka 1972, Peros Banhos 1973. Wengi walishushwa Port Louis, wakaishia katika vibanda vya Roche Bois na Cassis, wakitafuta kazi katika mji ambao haukuwa na haja na mfua nazi. Fidia ya kwanza, pauni 650,000, ilipewa Serikali ya Morisi mwaka 1972, lakini wenyewe hawakuanza kuigawiwa mpaka baada ya miaka kadhaa.

Sasa tuutazame utawala wa eneo hili, kama lilivyoendeshwa tangu hapo. Kamishna wake hukaa London, katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje, na yeye ndiye atungaye sheria. Kisiwani huwakilishwa na ofisa wa jeshi la majini la Kiingereza. Hapana bunge, wala diwani, wala mpiga kura. Mahakama imo katika sheria, na stempu za posta zimechapwa. Kilichokosekana ni raia.

Uchumi hausemeki kwa maneno mengi. Mbata ilikwisha pamoja na waliokuwa wakiikausha. Kwa muda mrefu fedha zilipatikana kwa kuuza leseni za uvuvi, hata mwaka 2010 bahari yote, yapata kilomita za mraba 640,000, ilipotangazwa kuwa hifadhi na uvuvi wa biashara ukapigwa marufuku. Shughuli iliyobaki ni kituo cha jeshi. Ndege za mabomu ziliruka kutoka uwanja wa Diego Garcia katika vita vya 1991, 2001 na 2003. Wapishi, wafagiaji na mafundi wa kituo waliletwa hasa kutoka Ufilipino, na kwa miaka mingi Mchagosi hakupewa hata kazi ya kufyeka majani katika kisiwa alichozaliwa.

Wachagosi hawakunyamaza. Mwaka 2000 walishinda katika Mahakama Kuu ya London. Mwaka 2004 ushindi huo ulifutwa kwa amri nyingine ya Malkia isiyopita Bungeni. Na mwaka 2008 majaji wa Baraza la Malodi waliiunga mkono Serikali, watatu kwa wawili. Morisi nayo, ikiungwa mkono na Umoja wa Afrika, ililipeleka shauri kwenye Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa, ikiongozwa na Jaji Abdulqawi Yusuf wa Somalia, ilitoa maoni kwa sauti 13 dhidi ya moja kwamba Morisi haikuachwa huru kwa njia ya haki, na kwamba Uingereza iondoke upesi iwezekanavyo. Miezi mitatu baadaye Baraza Kuu liliyakubali maoni hayo kwa kura 116 dhidi ya 6.

Ndipo ukaja mkataba uliotiwa sahihi tarehe 22 Mei 2025. Ndani yake Uingereza inakubali kuwa Chagos ni mali ya Morisi. Diego Garcia yenyewe inabaki mikononi mwa Waingereza na Wamarekani kwa miaka 99, kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kila mwaka, pamoja na mfuko wa pauni milioni 40 kwa ajili ya Wachagosi. Haukuwa na nguvu siku ile ya sahihi, kwani ulingoja kuthibitishwa na pande zote mbili. Wapo Wachagosi walioushangilia, na wapo, hasa miongoni mwa wale wanaoishi Crawley huko Uingereza, wanaolalamika kwamba kwa mara ya pili nchi yao imejadiliwa mezani bila wao kukaribishwa kiti.

Kifungu kinachohusu marejeo kisomwe kwa makini. Morisi imeruhusiwa kuwarudisha watu katika visiwa vyote vya Chagos isipokuwa Diego Garcia. Peros Banhos na Salomon, ambako nyumba zimeanguka na minazi imegeuka msitu, hakuna bandari, hakuna zahanati, hakuna kazi. Diego Garcia ina bandari, uwanja wa ndege, hospitali na maji ya bomba. Huko ndiko walikoishi wengi wao, na makaburi ya wazee wao yapo mashariki ya kisiwa, ambako wamepelekwa mara chache tangu mwaka 2006, kwa ziara zilizopangwa na Serikali, wakaweka maua na kurudi melini.